Miwani ya bei nafuu: uliza PD kabla ya kuuliza bei

"Utazoea, dada." Wasomaji wangu wanaonunua miwani Dar es Salaam wananiletea jibu hilo hilo la muuzaji. Miwani ni mipya, namba ni zile zile alizoandika daktari, lakini ikifika saa nane mchana kichwa kinagonga, na ukishuka ngazi unaona sakafu imeinama. Siku chache za kuzoea namba mpya ni kawaida. Wiki ya tatu ukiwa bado unasugua paji la uso, hapo kuna kasoro, na mimi huanza kushuku kitu ambacho pengine hakikupimwa kabisa.

Nacho ni umbali kati ya mboni na mboni, ambao madukani huitwa PD. Hupimwa kwa milimita, na watu wazima wengi wako kati ya 54 na 74. Kila lenzi ina kitovu chake, na kitovu hicho kinatakiwa kikae mbele ya mboni yako. Kikikaa pembeni, lenzi inavuta taswira upande mmoja na misuli ya macho inashinda kutwa ikiirudisha. Mwenye namba ya -4.00, lenzi moja ikihama milimita 5 tu, anabebeshwa prizimu ya 2, yaani nguvu ya kuvuta taswira pembeni, ambayo hakuna daktari aliyemwandikia. Mwenye -0.75 huenda asisikie chochote, ndiyo maana jirani yako analisifu duka lile lile lililokuumiza wewe.

Angalia mkono wa fremu kwa ndani. Utakuta namba kama 52 18 140: upana wa lenzi, daraja la puani, urefu wa mkono. Jumlisha mbili za mwanzo, unapata 70, ndio umbali kati ya katikati ya tundu moja la fremu na la pili. Kama PD yako ni 60, kila lenzi itabidi isogezwe ndani milimita 5, na kwa asiyeona mbali ukingo wa nje utatoka mnene. Chukua fremu ya 46 na 18, lenzi inakuwa nyembamba bila kulipia zaidi. Lakini kabatini zinatangulizwa fremu pana za mtindo, kisha unauziwa lenzi ya 1.67, aina iliyotengenezwa kuwa nyembamba, kwa bei ya kutisha ili kuficha unene ulioletwa na fremu yenyewe.

Ukikabidhiwa miwani, jipimie. Ishike mbali na uso, tazama ukingo wa mlango kupitia lenzi moja, isogeze kushoto na kulia mpaka mstari ndani ya lenzi uungane na ule wa nje. Weka nukta ya kalamu hapo. Fanya hivyo lenzi ya pili, kisha weka rula kati ya nukta mbili. Kwa miwani ya kuonea mbali isiyo na namba kubwa ya astigmatizimu (jicho lisilopinda sawasawa pande zote), utapata jibu linalokaribia sana PD yako, au utapata sababu ya kurudi dukani.

Sasa mpangilio wangu. Namba moja: pima macho hospitali, iwe Muhimbili, CCBRT Msasani, au KCMC ukiwa Moshi, nunua fremu rahisi isiyo na jina, na pesa iliyobaki yote iende kwenye lenzi za Zeiss zenye koti la kuzuia mng'ao. Sifichi, hao ndio ninaowapenda. Pumulia lenzi uone herufi ndogo ya Z pembeni. Usipoiona, dai maelezo. Usiiache garini juani, joto linapasua koti lolote. Mtoto mwekee lenzi za polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi.

Namba mbili ni Essilor na koti lao la Crizal. Kampuni hiyo iliungana na Luxottica, wenye Ray-Ban, mwaka 2018. Lenzi zao chukua, jina la kwenye fremu waachie.

Namba tatu, mwenye ndugu Marekani aagize Zenni, duka la miwani la mtandaoni. Miwani ya kuonea umbali mmoja tu inaanzia chini ya dola 10, na mtandao huo unataka PD yako kwenye oda. Muuzaji aliyesimama mbele ya uso wako na rula mfukoni hakuulizi!

Za Kariakoo zilizo tayari ni za kusomea tu, kwa mwenye macho mawili yaliyo sawa. Basi.

Na hizo lenzi za kuzuia mwanga wa bluu, kataa. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, ya mwaka 2023 hayakuona kwamba zinapunguza uchovu wa macho kwenye kompyuta, lakini kaunta bado zinamwongezea mama mtu mzima gharama hiyo kana kwamba ni dawa. Yapo pia maduka yanayopima "bure", ukiomba karatasi ya namba zako unaambiwa ununue kwanza. Huo si upimaji wa bure, ni macho yako yamewekwa rehani. Ondoka, nenda ukalipie kipimo hospitali, na kabla hujainuka kwenye kiti mwambie mpimaji aandike PD kwenye hiyo hiyo karatasi.