Chopa ya Kamba, Kikatio cha Kubonyeza, au Kisu na Kimenyeo? Tunavijaribu Hapa Mezani

Habari zenu watazamaji, karibuni jikoni. Leo hatupiki, leo tunakata. Hapa mezani kuna vitu sita. Mkono wangu wa kushoto ni vile vinavyotangazwa sana simuni: chopa ya kuvuta kamba, kikatio cha kubonyeza chenye wavu wa visu, na kikatio cha kutelezesha, yaani ule ubao wenye wembe katikati. Mkono wa kulia ni kisu cha kawaida, kimenyeo cha viazi, na mbuzi ya kukunia nazi.

Kila kimoja nitakiuliza maswali mawili. La kwanza: nguvu ya mkono wako inaishia kwenye nini, kwenye chuma au kwenye plastiki? La pili: makali yakiisha, yananoleka?

Tuanze na chopa ya kamba, maana ndiyo mnayoiulizia zaidi. Iko hivi: bakuli, kifuniko chenye kamba na springi ndani yake, na mhimili wa plastiki uliobeba visu vitatu vilivyopinda. Namenya kitunguu kimoja kikubwa, nakikata mara nne, natia. Bakuli lisipite nusu. Ukijaza, vipande vya chini vinasagika na vya juu vinakaa vile vile. Sasa navuta. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Nafungua. Sogeza kamera hapa karibu. Mnaona? Kuna vipande vya ukubwa wa punje ya mchele, na kuna hiki hapa kikubwa kama ukucha. Nikivuta mara saba zaidi, hiki kikubwa kitaisha, lakini hivi vidogo vitakuwa vimeshageuka uji. Tazameni chini ya bakuli, maji yameshaanza kutuama. Visu hivi vinapiga kile kile kilichokwisha kukatwa, na kila kinapopigwa kinapondeka na kutoa maji. Kitunguu cha namna hii ukikitia kwenye mafuta ya moto hakikaangiki, kinachemka kwanza katika maji yake. Pilau inayotaka kitunguu cha kahawia haiwezi kutoka hapa. Kachumbari ndiyo kabisa, nyanya zitakuwa supu.

Lakini tuitendee haki. Tia humo tangawizi iliyokatwa vipande vidogo, vitunguu saumu kama punje kumi, na pilipili mbili. Vuta mara ishirini. Hapo unachokitaka ni kusagika, na kazi inakwenda vizuri. Kitunguu cha kababu nacho kinafaa, ila kikamue kwenye kitambaa safi kabla ya kuchanganya na nyama, la sivyo kababu zitapasuka kwenye mafuta.

Inaharibikaje? Kwanza kifuniko. Watu wanakizamisha kwenye beseni la vyombo pamoja na bakuli. Maji yanaingia kwenye springi, springi inashika kutu, na siku moja unavuta kamba hairudi. Kifuniko kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Pili, kamba ivutwe mlalo, sawasawa na tundu lake. Ukivuta kwenda juu inasugua ukingo wa plastiki, inachanika nyuzi na kukatika. Tatu, nyama yenye mishipa: mshipa unajizungusha kwenye mhimili, mhimili unapinda. Sasa maswali yetu. Nguvu inaishia wapi? Kwenye plastiki. Visu vinanoleka? Vimepinda na vimekazwa kwenye plastiki, jiwe halifiki. Kwa hiyo chopa hii ina umri, na umri wake ni ule wa makali yaliyokuja nayo dukani.

Cha pili, kikatio cha kubonyeza. Chini kina wavu wa visu vyembamba, juu kifuniko chenye meno ya plastiki yanayoingia kwenye matundu ya wavu. Hapa kosa la kwanza la watu ni kubonyeza polepole. Ukibonyeza polepole unaponda. Kitunguu nusu, upande uliokatwa ulale kwenye visu, viganja vyote viwili juu ya kifuniko, kisha dundo moja la haraka. Hivyo. Vipande vimelingana, nakubali. Hoho nayo iweke ngozi ikitazama juu, ili visu vianzie kwenye nyama laini. Tango linakatika vizuri, na kiazi kilichochemshwa na kupoa kinakatika vizuri pia. Kwa mtu anayetengeneza saladi ya watu thelathini, kifaa hiki kinaokoa muda kweli.

Karoti mbichi, kiazi kitamu na boga ndizo zinazokiua. Natia karoti nzima hapa mjionee... sikilizeni huo mlio. Kifuniko kimepinda, karoti imeingia nusu na kukwama. Ukizidisha nguvu, ama bawaba ya plastiki inapasuka, ama jino linakatika. Jino likikatika, simamisha kazi na ulitafute mpaka ulipate, kwa sababu limeanguka kwenye chakula. Karoti ipasue kwanza kwa kisu iwe vipande vyembamba visivyozidi unene wa kidole kidogo. Ila ukishashika kisu na kuipasua, umebakiza nini? Na kuosha: wanga wa kiazi ukikaukia katikati ya visu hautoki kwa sifongo. Kioshe papo hapo, kwa mswaki wa zamani, ukisugua kutoka nyuma ya visu kwenda mbele.

Kikatio cha kutelezesha nitakipitia haraka, lakini sikilizeni kwa makini. Katika vyote vitatu hiki ndicho kinachokata vizuri kuliko vyote, na ndicho kinachokata vidole kuliko vyote. Kabichi la saladi, ndizi za kukaanga kavu, krispi za muhogo kama zile za pale Lighthouse, Mombasa, vyote vinataka unene unaolingana, milimita mbili hivi, ili vyote viive kwa pamoja. Kwa kisu hiyo ni kazi ya fundi. Hatari iko mwishoni. Unasukuma kwa uzito wa mkono, kiazi kinapungua, ghafla hakuna cha kuzuia na kiganja kinakutana na wembe. Tumia kile kishikio chake, au acha kikibaki kipande cha sentimita tatu ukimalizie kwa kisu. Usiokoe kipande cha kiazi kwa kutoa kidole.

Sasa huku kulia. Kisu hiki hakina ajabu yoyote: bamba la chuma, mpini wa mbao, na misumari mitatu. Kwanza kitunguu kile kile. Nakata kichwa, shina, yaani upande wa mizizi, naliacha. Napasua katikati nikipitia kwenye shina, namenya, nalaza. Nakata kwa urefu bila kufika kwenye shina, maana shina ndilo linaloshika tabaka zisitawanyike. Halafu nageuza, nakata kwa upana. Kitunguu tayari kina tabaka zake, kwa hiyo sihitaji kupasua mlalo. Tazameni ubao: maji hayajatuama. Na macho hayaniwashi sana, kwa sababu kinachowasha ni gesi inayotoka kitunguu kinapopondeka, na kisu kikali hupita bila kuponda sana. Anayelia sana jikoni mara nyingi ana kisu butu.

Na hapo ndipo penye kiini cha haya yote. Wengi wanaonunua hivi vya kushoto hawana shida ya kisu, wana shida ya kisu butu. Kwa hiyo tunoe. Jiwe lenye pande mbili, upande mkwaruzo namba 400, upande laini namba 1000. Kama ni jiwe la maji, liloweke dakika kumi. Weka juu ya kitambaa chenye unyevu lisitembee. Laza kisu, kisha inua mgongo wake: kwa kisu chenye upana wa sentimita nne, mgongo uwe juu ya jiwe kama sentimita moja na kidogo. Huo ndio mwinamo wa digrii 15 hadi 20. Sukuma mara kumi upande mmoja, bila kubadilisha mwinamo, halafu papasa upande wa pili kwa dole gumba, kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe usipapase kufuata makali. Ukihisi kijikunjo kidogo kinakwaruza, chuma kimefika ukingoni. Geuza, fanya vivyo hivyo. Malizia upande laini, mara moja huku, mara moja kule, kwa wepesi. Kipime kwenye nyanya: kinatakiwa kizame kwa uzito wake wenyewe ukikivuta tu.

Huna jiwe? Pindua kikombe cha udongo. Ile duara ya chini isiyopakwa rangi ya kung'aa ni kali kama kinoo. Na ukimpelekea fundi wa cheree ya baiskeli, yaani jiwe la kunolea linalozungushwa kwa pedali, mwombe achovye kisu kwenye maji mara kwa mara. Chuma kikigeuka rangi ya bluu kimeungua, na makali ya sehemu hiyo hayatakaa tena. Jambo jingine, msikatie kwenye sinia la bati wala kwenye sahani, mnayamaliza makali kwa siku moja. Ubao, au mkononi juu ya sufuria kama wafanyavyo mama zetu, kwa kisu kidogo chembamba.

Kimenyeo nacho ni kifaa cha kisasa kilichostahili nafasi yake. Hiki chenye umbo la Y kinafuata muundo wa kimenyeo kiitwacho Rex, alioubuni Alfred Neweczerzal huko Uswisi mwaka 1947, na mpaka leo unatengenezwa. Siri yake ni kwamba wembe unacheza. Unafuata mviringo wa kiazi, kwa hiyo ganda linatoka jembamba. Mkiwa dukani, kitikiseni: wembe usiocheza utachimba nyama ya kiazi. Karoti, tango, embe bichi, papai bichi, vyote vinamenyeka. Muhogo hapana. Ganda lake ni nene, wembe unateleza juu juu. Muhogo uchanje kwa kisu kwa urefu, ingiza ncha chini ya ganda, kisha libandue lote pamoja na lile tabaka la ndani. Ndizi mbichi nazo ni kazi ya kisu, na upake mafuta mikononi kwa ajili ya utomvu.

Mbuzi nimeileta kwa sababu moja. Nayo ni kifaa cha kazi moja, kama hivi vya kushoto. Lakini ukiuliza yale maswali mawili, inajibu. Nguvu inaishia kwenye ulimi wa chuma na kwenye kigoda cha mbao unachokikalia, kwa hiyo uzito wako wenyewe ndio unaoishikilia. Meno yakichoka, yanoe kwa tupa ndogo, jino moja moja, yamerudi. Siku hizi kuna kikunio cha kuzungusha kwa mkono, chenye mpira wa kunata chini. Ni kizuri kwa asiyeweza kukaa chini kwa sababu ya magoti, ila mpira ule unashika kwenye vigae laini au kioo tu, na uulowanishe kidogo. Kwenye meza ya mbao isiyopigwa randa vizuri utang'oka katikati ya kazi, nazi mkononi.

Kwa hiyo pesa yenu naielekeza hivi: kwanza kisu kimoja, jiwe la kunolea, kimenyeo na ubao. Kikatio cha kutelezesha kifuate kwa anayekaanga krispi. Kile cha kubonyeza ni cha wapishi wa saladi nyingi. Na chopa ya kamba, zaidi ya tangawizi na saumu, naipendekeza kwa mtu mmoja: mzee ambaye vidole vinamuuma na hawezi tena kubana mpini wa kisu. Mkatie vitunguu vyake mara nne, mwekee kwenye kopo lenye kifuniko ndani ya friji, na kamba ifungie kishikio kikubwa kinachojaa kiganjani. Kuvuta atavuta mwenyewe.