Arifa za Windows 11: onyo na tangazo mlango mmoja

Tukiacha kasi na sura yake, kinachochosha zaidi kwenye Windows 11 ni arifa. Onyo la kirusi, ushawishi wa kutumia kivinjari cha Edge na kumbusho la kununua nafasi ya OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft), vyote huchomoza kona ileile ya chini kulia, kwa umbo lilelile, na kwa kawaida hutoweka baada ya sekunde 5. Mtu akishafunga matangazo kumi bila kusoma, la kumi na moja atalifunga vilevile, hata kama ni onyo la kweli. Kwa hili Microsoft hawana utetezi.

Linaloudhi kuliko yote hujaza skrini nzima baada ya sasisho, likikutaka umalizie kuandaa kompyuta unayoitumia mwaka wa pili sasa. Kitufe cha kuendelea kimekolezwa rangi. Cha pembeni kimeandikwa "Remind me in 3 days". Cha kukataa kabisa hakipo. Kulizima, fungua Settings, ingia System, kisha Notifications, shuka hadi chini kabisa na ufungue "Additional settings". Utakuta visanduku 3. Toa alama zote.

Wengi huishia hapo, halafu wanashangaa matangazo yanarudi. Swichi zimetawanywa kama karanga zilizomwagika. Za menyu ya Start ziko Personalization, kisha Start: zima mstari unaotaja "recommendations for tips". Za skrini ya kufunga (lock screen) haziondoki mpaka ubadilishe Windows spotlight, yaani picha zinazoletwa na Microsoft, kuwa Picture, ndipo kisanduku cha kuzima vidokezo kinapojitokeza. Matangazo ndani ya File Explorer nayo yamefichwa kwingine kabisa: bofya nukta tatu, Options, View, kisha ondoa alama kwenye "Show sync provider notifications". Jina hilo halimwambii mtu yeyote kwamba ni la matangazo.

OneDrive inahitaji tahadhari ya pekee, hasa kwa anayetumia bando. Arifa yake ya kuhifadhi mafaili inasomeka kama msaada, lakini ukikubali, Desktop, Documents na Pictures huhamishiwa ndani ya folda yake na kuanza kupakiwa mtandaoni. Nafasi ya bure ni GB 5 tu. Picha za harusi moja zinaweza kuimaliza, kisha inaanza arifa nyingine, ya kukuuzia nafasi. Kujitoa, bofya aikoni ya wingu karibu na saa, ingia Settings, "Sync and backup", "Manage backup", uzime folda moja moja. Usishtuke ukiona Desktop imebaki tupu: mafaili yako bado yamo ndani ya folda ya OneDrive, yarudishe kwa mkono.

Kuna arifa ambazo Windows inasingiziwa bure. Ile inayosema "kompyuta yako ina virusi 5" na kukuhimiza ulipie mara nyingi hutoka kwenye tovuti uliyoibofyia Allow siku moja, labda ukitafuta mechi ya bure. Iangalie vizuri kabla haijapotea: ina jina la Chrome au Edge, na anwani ya tovuti iliyoituma. Kupiga Windows upya kwa sababu ya hilo ni kupoteza siku na pesa ya fundi. Andika chrome://settings/content/notifications kwenye upau wa anwani, tafuta tovuti hiyo kwenye orodha ya zilizoruhusiwa, uizuie. Ukiwa hapo, chagua tovuti zisiruhusiwe kabisa kukuomba ruhusa ya arifa. Kwenye Edge, weka edge badala ya chrome.

Kinachostahili sifa ni "Do not disturb", hali ya kunyamazisha arifa. Inaweza kujiwasha yenyewe kwa saa ulizopanga, ukiwa kwenye gemu, au unaporudufisha skrini (Duplicate) kwenye projekta. Neno ni kurudufisha. Ukitumia projekta kama skrini ya pili ya kurefusha (Extend), sharti hilo halitimii, hivyo iwashe mwenyewe kabla ya kikao: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na N, kisha bofya alama ya kengele.

Swichi kuu ya juu kabisa kwenye Notifications usiiguse. Ukiizima, arifa za Windows Security, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, nazo zinanyamaza.