Kadi za Kireno za "o" na "a", nimezitumia muhula mzima

Mimi nafunza klabu ya lugha, watoto wa gredi ya 7 na 8, Jumamosi asubuhi hapa Majengo. Tulipotoka kuzuru Fort Jesus, ile ngome ya Wareno, wakaanza, ticha twataka Kireno, basi nikaagiza seti ya kadi mtandaoni, shilingi 2,400 na pesa ya kuletewa juu yake, kila kadi ina nomino na sauti yake wasikiliza kwa simu.

Kizuri ni zile rangi. Nomino za o na os, vijineno vinavotangulia nomino za kiume, umoja na wingi, ni buluu, za a na as, yaani za kike, nyekundu, na wallahi hapo ndo raha ilipo maana maneno mengi watoto wanayo majumbani, a mesa ndo meza, a bandeira bendera, o parafuso parafujo, o lenço ndo leso yenyewe, na tulipofika a igreja, yaani kanisa, nikawaambia hapa ndo tulipotoa gereza, walicheka mpaka jirani akachungulia.

Sasa kile kitabu cha maelezo. Ati o na a ni kama "the" ya Kiingereza, kwisha. Na hiyo "the" yenyewe haibadiliki, iwe kitu kimoja iwe mia! Wiki 2 nimehangaika nacho, mwisho nikakiweka kando nikaenda kwa ngeli. Nikawaambia nyie mwasema kitabu cha, nyumba ya, mtoto wa, mwaona vile inavofuata nomino? Basi na Mreno ana lake, de ikikutana na o yawa do, ikikutana na a yawa da, o livro do menino ni kitabu cha mvulana, da menina cha msichana. Dakika 10 wameshika.

Ila em, yaani katika, ikikutana na a yawa na, hiyo ilitutoa jasho. Kadi yasema o gato está na mesa, msichana mmoja kaandika "paka yuko na meza" na darasa zima likakubali. Ikabidi nichukue chupa ya maji niiweke mezani, na mesa, niitoe mezani, da mesa, weka, toa, mpaka maji yakamwagikia daftari la mtu.

Lililoniudhi zaidi ni kuwa hakuna kadi hata moja ya o dia (siku), o mapa (ramani) wala o problema (tatizo), zaishia a lakini ni za o, kwa hivo watoto wakajiamulia kila chenye a mwisho ni nyekundu na kwa mtihani wote wakaniandikia a mapa. Tena sauti zimechanganywa, huyu asema o meu livro, kitabu changu, kama Ureno, mwengine meu livro tu vile Wabrazili wengi husema, na hakuna aliyekwambia kwamba zote ni sawa.

Nyota 3, na zote ni za kadi. Kitabu nimekitia chini ya mlango usijifunge na upepo.