Kamera mtego mbele ya shimo la nungunungu: tathmini ya mtumiaji

Watu wengi huchagua kamera mtego, yaani kamera inayojiwasha yenyewe mnyama anapopita mbele yake, kwa kuangalia ukali wa picha zake, lakini kwa anayetaka kumfuatilia nungunungu, mnyama anayetoka shimoni giza likishaingia na kurejea kabla hapajapambazuka, kipimo hicho hakitoshi. Kamera ninayoitathmini hapa ina kihisi cha joto, taa za infraredi za nanomita 940 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) na kinasa sauti. Niliifunga kwenye gogo, usawa wa goti, ikielekea shimo lililoachwa na muhanga ambamo sasa wanaishi nungunungu wa kishungi.

Taa zake ndizo sababu kubwa ya kuipendekeza. Mwanga wa nanomita 940 hauonekani kwa macho yetu, ilhali taa za nanomita 850 huonyesha wekundu hafifu zinapowaka, na wanyama hawa walipita mbele ya kamera bila kusita. Ni kweli kwamba mwanga huo haufiki mbali, na picha za vitu vilivyo nyuma huwa na chengachenga, lakini kwa kazi ya mlangoni mwa shimo kasoro hiyo si kitu.

Kinasa sauti nacho kimenifurahisha kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa nungunungu hujilinda kwa kelele kabla ya kujilinda kwa miiba. Katika video moja bweha anasogea akinusanusa. Nungunungu anasimamisha kishungi na miiba ya mgongoni hadi anaonekana mkubwa maradufu, kisha anatikisa mkia, ambao una miiba mifupi yenye uwazi ndani inayochakarika inapogongana, huku akikoroma na kupiga chini miguu ya nyuma. Bweha alipozidi kukaribia, nungunungu aligeuka na kumwendea kinyumenyume kwa kasi. Video hiyo pekee inatosha kuondoa imani ya tangu zamani kwamba mnyama huyu hurusha miiba kama mishale. Miiba ni nywele zilizokomaa na kuwa ngumu kwa keratini, protini ileile ya kucha, imeshikana na ngozi kwa ulegevu, na hubaki mwilini mwa adui inapomgusa. Mmoja ulidondoka mchangani, na mistari yake ya weusi na weupe inaonekana bayana ingawa picha za usiku hazina rangi.

Kamera imenasa pia mambo ya kifamilia ambayo mtu mwenye tochi asingeyaona. Dume na jike huishi pamoja mwaka mzima na mara nyingi hutoka wakifuatana. Mimba huchukua takriban siku 112, na watoto, mmoja au wawili, huzaliwa macho yakiwa wazi na miiba ikiwa bado laini. Mlangoni kuna mifupa waliyoikokota wenyewe. Wanaiguguna ili kupata kalsiamu na fosforasi, na pia kupunguza meno ya mbele yasiyokoma kukua, na sauti ya kuguguna imerekodiwa vizuri ajabu.

Kasoro iliyonikera zaidi ni kikomo cha sekunde 30 kwa kila video ya usiku, kikifuatiwa na mapumziko kabla kamera haijawa tayari tena, kwa sababu ugomvi au ulaji wa mfupa hauishi kwa muda huo. Kihisi nacho hudhoofika jioni za joto kali: kinategemea tofauti kati ya joto la mnyama na la ardhi, na ardhi iliyopigwa na jua mchana kutwa huifanya tofauti hiyo iwe ndogo. Mfuniko wa betri ni mgumu kufunguka, ingawa unazuia unyevu ipasavyo.

Atakayeinunua aitumie na betri za lithiamu, ambazo nguvu yake haishuki upesi kama ya zile za alkali, na asiiweke karibu mno na shimo, kwani harufu ya binadamu inaweza kuwafanya wanyama wasite kutoka. Tena asiharakishe kuirudisha dukani akikuta video chache wakati wa mbalamwezi. Nungunungu hupunguza kutembea mahali pa wazi usiku unapokuwa na mwanga mwingi, na kamera haina kosa.