Kozi ya gia za mkono Mwanza: uzoefu wangu baada ya miaka ya otomatiki

Nianze na jibu, maana ndilo wenzangu wa mwaloni, soko la samaki la Kirumba, wanaloniuliza kila tukionana: kozi imenifaa, na ningelipa tena. Ila safari hii ningelipa kwa masharti.

Leseni ninayo na gari nimeendesha miaka mingi, ila otomatiki. Biashara ya dagaa pale Kirumba ilipokua, nikaona siwezi kuendelea kukodi usafiri wa kupeleka magunia Igoma na Buhongwa. Kirikuu niliyoipata kwa hela yangu, kigari cha mizigo aina ya Suzuki Carry ya cc 660, ilikuwa ya gia za mkono. Basi nikajiandikisha chuo kimoja cha udereva hapa mjini, vitendo tu. Ada yao ni ileile, uwe na leseni au hujawahi kushika usukani. Hilo sikulipenda na niliwaambia.

Mwanzo haukunifurahisha. Gari moja, wanafunzi tumejaa kiti cha nyuma, kila mmoja anasubiri zamu yake kwenye kipande cha Pasiansi hadi Airport, ambako ni tambarare kiasi. Mwalimu, kijana mwenye haraka zake, kazi yake ilikuwa kupaza sauti: "Mama, weka mbili! Weka tatu!" Unaweka, gari inakwenda. Lakini siku akinyamaza hujui uweke lini wala kwa nini. Wenzangu kadhaa walimaliza hivyohivyo na vyeti wamepata.

Niliomba nibadilishiwe mwalimu, nikapewa mzee mmoja aliyewahi kuendesha Hiace za daladala. Hapa ndipo hela yangu ilipoanza kufanya kazi. Baada ya shikamoo akanipeleka kwenye uwanja mtupu, akaniambia mguu wa kulia niuweke pembeni kabisa, nisiguse mafuta. Gia namba moja, kisigino cha kushoto chini sakafuni, niachie klachi, ile pedali ya kushoto kabisa, kwa wayo, taratibu, injini ikiwa kwenye sailensa tu, yaani inanguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta. Kuna mahali mlio wa injini unazama, kama mashine ya kusaga inapomiminiwa mahindi, na kile kijiti cha gia kinaanza kutetemeka. "Hapo imeshika, mwanangu. Ngoja hapohapo, kisha malizia." Gari ikaanza kutembea yenyewe bila tone la mafuta kutoka mguuni kwangu. Tulirudia mpaka nikachoka, na alikataa tusogee hatua nyingine.

Sababu aliieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Sahani ya klachi inakutana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini linalozunguka kwa kasi, na inahitaji muda kidogo isuguane mpaka ziende mwendo mmoja. Ukiruka pale inaposhika, gari inarukaruka au inazima. Ukikaa hapo muda mrefu mno, unaunguza klachi, na harufu utaipata.

Kupandisha gia nako kuna hesabu yake. Injini ikiwa na mizunguko 3,000 kwa dakika kwenye gia ya pili, kwa mwendo uleule gia ya tatu inataka kama 2,000 hivi. Kwa hiyo unaachia mafuta, unakanyaga klachi, unatoa gia mpaka nyutro, unaipa injini nafasi ishuke kidogo, ndipo unaingiza na kuachia klachi. Anayeharakisha ndiye anayewatikisa abiria. Na kutoka mbili kwenda tatu, mkono haulazimishi kijiti kwenda pembeni: ukifika nyutro springi yenyewe inakirudisha katikati, wewe unasukuma mbele tu. Kushusha gia ni kinyume chake, breki kwanza mpaka mwendo upungue, ndipo gia, na klachi unaiachia polepole zaidi kwa sababu sasa injini inapaswa kupanda. Mzee hakuwa anaangalia mkono wangu wala mshale wa mizunguko. Alikuwa anaangalia kwenye kioo, vichwa vya wanafunzi waliokaa nyuma. Vikiyumba, tunarudia.

Mlimani tulikwenda Bugando, njia ya hospitali. Bodaboda amekuganda kwenye bampa ya nyuma, mbele daladala imesimama kushusha. Unavuta hendibreki, unatafuta ile sehemu inaposhika, unaongeza mafuta kidogo, mlio ukizama unaachia hendibreki. Gari hairudi nyuma hata kidogo. Kuteremka, gia ya pili, injini yenyewe inaishikilia gari. Najua kuna madereva mjini hapa wanaoteremka nyutro wakidai wanaokoa mafuta. Nikiwa na magunia nyuma siwafuati, breki zikichemka kule hakuna wa kukusaidia.

Sasa lawama. Klachi ya gari la chuo imelika, inashika juu kabisa, pedali ikikaribia kuachiwa yote. Kwenye kirikuu yangu inashika chini, karibu na sakafu. Chuoni hakuna aliyenitahadharisha kwamba mguu utabidi uanze upya, na kwa mtu aliyelipia mafunzo hilo ni pungufu kubwa. Halafu mizigo hawafundishi kabisa. Gari ikiwa na magunia, gia ya pili unakaa nayo muda mrefu zaidi kabla ya tatu, la sivyo injini inalalamika na gari inakosa nguvu, hasa hii ndogo.

Nilimlipa mzee pembeni, tukapanda naye kirikuu yangu ikiwa imebeba, kutoka Kirumba hadi Buhongwa. Injini ya Carry iko chini ya kiti, kwa hiyo kila mabadiliko unayasikia waziwazi; nadhani ni gari nzuri kujifunzia kuliko zile za chuoni zenye redio kubwa. Foleni ya Mkuyuni ilinifunza kuliko uwanja: gia ya kwanza, klachi, simama, tena. Alinikataza kupumzisha mguu juu ya pedali katikati ya foleni, na mkono juu ya kijiti cha gia vilevile.

Ukitaka kwenda, kabla hujatoa hela uliza mko wangapi kwenye gari moja, na kama watakubali mpande mlima. Uliza pia kama mwalimu anaweza kumalizia na wewe kwenye gari lako mwenyewe. Mimi walikubali baada ya kubishana, na hiyo sehemu ya mwisho ilinigharimu ziada. Nenda asubuhi, jioni wanafunzi ni wengi na zamu yako itaishia Pasiansi.