Playfair Display: mpe nafasi kubwa, usimpe namba ya simu

Haya, karibuni tena. Leo sina simu wala spika mkononi, leo tunachambua fonti. Najua kuna watu wameshaguna huko, lakini pekua kadi za harusi ulizotumiwa WhatsApp mwaka huu, hii fonti utaikuta humo hata kama jina lake hulijui. Inaitwa Playfair Display.

Nimeandika neno moja tu hapa, "Karibuni", limejaa skrini. Tazama hiyo K. Nguzo ya kushoto imesimama nene, halafu mkono unaopanda juu ni mwembamba kama uzi, na mguu wa chini unarudi kuwa mnene. Sasa njoo kwenye r: pale inapoishia kuna kidoto cha mviringo, kama wino uliotaka kudondoka ukaghairi. Nene, nyembamba, nene, nyembamba. Ndiyo inayolipatia neno sura ya jalada la jarida la mitindo.

Aliyeichora ni Claus Eggers Sørensen, na ilitoka 2011. Alirudi Ulaya ya mwishoni mwa karne ya 18, wakati kalamu za unyoya zilipokuwa zinapisha kalamu za chuma zenye ncha kali. Ukiikandamiza ncha ile, inapanuka na mstari unanenepa. Ukiilegeza, unabaki unywele. Kabla ya hapo John Baskerville wa Birmingham alishaanza kuchonga herufi zenye mwelekeo huo, na Sørensen anamtazama sana yeye. Wachonga herufi wengine, Bodoni kule Parma na akina Didot wa Paris, ndio waliokuja kuipeleka mbali kabisa, hadi vistari vyembamba vikawa kama vimekatwa kwa wembe. Playfair haijafika huko, na mimi naona ni afadhali, kwa sababu ambayo nitaifikia sasa hivi.

Bei: bure. Ipo Google Fonts, ile maktaba ya fonti ya Google, leseni yake ni ya wazi, kwa hiyo kazi ya mteja anayekulipa unaifanya bila wasiwasi. Usiiuze tu fonti yenyewe.

Sasa Kiswahili. Wachambuzi wengi wa fonti wanaijaribu kwa maneno mafupi mafupi, sisi tuna "Tunawakaribisha". Herufi ndogo za Playfair zina kimo kirefu na tumbo pana, kwa hiyo neno kama hilo linakula upana wa kadi kabla hujaandika la pili. Lakini mikia ya g, y na j ni mifupi, unaweza kubananisha mistari miwili ya kichwa cha habari na isigongane. Na ng' yetu je? Hapo hakikisha ile alama ni ya kupinda, inakaa kama tone zuri. Ukiacha ile iliyonyooka, "ng'ombe" anaonekana kapigiliwa msumari.

Kinachonikera ni tarakimu. Tazama nikiandika "25,000". Hiyo 2 ni fupi, 5 imening'inia chini ya mstari, na sifuri zote zimekuwa kama herufi o. Ndani ya sentensi zinapendeza mno. Kwenye bei au namba ya simu ni ngoma, kila mmoja na mruko wake. Tarakimu zinazolingana kimo zimo ndani ya fonti, ila inabidi uziwashe mwenyewe. Kwenye tovuti ni mstari mmoja wa CSS, ile lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, lakini programu nyingi rahisi za simu hazina hata pa kubonyeza.

Halafu lipo lililonitokea mimi. Kadi za send-off, maandishi meupe juu ya maruni, mahali pa ukumbi nikapaandika pointi 8, yaani herufi ndogo kabisa. Kwenye skrini, raha tupu. Zimetoka kwenye mashine, wino wa maruni umemeza vile vistari vyembamba: e imekuwa c, na h mguu wake umeachana na nguzo. Fundi wa uchapaji akanitazama tu. Na hakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Neno "Display" lipo kwenye jina, fonti hii imechorwa kwa maandishi makubwa. Ingekuwa fonti ya mtindo wa Bodoni, yenye nyuzi nyembamba kuliko hizi, ingeumia zaidi.

Dawa ipo. Kuna toleo jipya linaloitwa Playfair tu, bila Display, ambalo linabadilika kulingana na ukubwa, kuanzia pointi 5 hadi 1200. Ninaivuta hapa mbele yenu: ikiwa ndogo, nyuzi zinanenepa na nafasi kati ya herufi zinafunguka, ikiwa kubwa, zinarudi kuwa wembe. Faili moja. Kama programu yako inakubali fonti za aina hiyo, chukua hiyo.

Kama haikubali, fanya ninavyofanya: majina ya maharusi, kichwa cha makala au nembo ya saluni mpe Playfair Display, na mlazo wake, zile herufi zilizoinama, msiusahau, ile & ya mlazo peke yake inatosha kuwa nembo. Ukumbi, saa na simu mwachie Lato, fonti nyingine isiyo na madoido. Na kabla ya kutuma mashineni, printi moja kwa ukubwa halisi, uishike umbali wa mkono, umpe mama asome bila miwani.