Uzoefu wangu wa miezi kumi na minne na karatasi ya kubandika kwenye makabati ya jikoni

Miezi kumi na minne imepita tangu nilipobandika kipande cha mwisho cha karatasi ya vinaili, yaani plastiki nyembamba yenye gundi nyuma, kwenye makabati ya jiko langu, na ninaona muda huo unatosha kuihukumu bidhaa hii kwa haki. Karatasi ya aina hii hupendeza siku ya kwanza hata ikiwa imebandikwa ovyo. Aibu yake hujitokeza baadaye, mvuke, mafuta na mikono ya kila siku vikishaipitia. Ninaandika pia kuhusu utepe wa taa za LED niliounganisha chini ya makabati ya juu, kwa sababu nilivinunua vitu hivi viwili kwa bajeti moja, na kwa sababu sasa ninajua kwamba nilivinunua kwa mpangilio uliogeuka.

Jiko lenyewe lilikuwa halina kasoro ya kulalamikia. Makabati yalikuwa imara, yametengenezwa kwa mbao za kusindikwa zilizofunikwa melamini (utando mgumu na laini wa plastiki) ya kijivu, kuta zilikuwa nyeupe iliyofifia, taa ilikuwa moja katikati ya dari, na dirisha lilikuwa moja lisiloingiza jua la moja kwa moja. Kila kitu kilifanya kazi yake, lakini mtu angeweza kuingia na kutoka bila kukumbuka hata rangi moja aliyoiona. Kubadilisha makabati hakukuwa ndani ya uwezo wangu, na nilipouliza gharama ya kubadilisha milango peke yake nikakuta nayo inazidi fungu nililolitenga. Kupaka rangi kulikuwa njia ya pili, ila melamini haishiki rangi kirahisi: hutaka kukwaruzwa kwa msasa mwembamba, kisha praima maalumu (rangi ya kwanza ya kuishikiza ile ya juu), kisha mikono miwili ya rangi, na baada ya hapo wiki kadhaa za kuitendea kwa upole hadi ikomae. Sikuwa na mahali pa kuilaza milango kumi na miwili kwa muda wote huo. Karatasi ya kubandika ikashinda kwa sababu hiyo, si kwa uzuri wake.

Nilichagua rangi ya kijani hafifu isiyong'aa. Uamuzi wa kuacha ile inayong'aa ninaujutia kidogo tu. Karatasi inayong'aa hurudisha mwanga zaidi na hufutika kwa urahisi, lakini huonyesha kila kipele na kila bonde lililo chini yake, na milango yangu ilikuwa na makovu ya miaka. Isiyong'aa huficha makovu hayo vizuri, ila alama za vidole vyenye mafuta huikalia, hasa kwenye mlango wa kabati la pipa la taka ambao kila mtu huufungua akiwa na mikono michafu.

Kila mlango ulikuwa na upana wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 70. Ukiongeza sentimita 3 kila upande kwa ajili ya kukunjia nyuma, kipande kinakuwa cha sentimita 46 kwa 76. Mviringo wa karatasi niliyoipata ulikuwa na upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 5, kwa hiyo mviringo mmoja ulitoa milango sita, ukabaki na sentimita 44, ambazo zilitosha uso wa droo moja. Mimi nilikuwa na milango kumi na miwili na droo mbili. Miviringo miwili ilinitosha kabisa kwenye daftari, na nilijisifu kwa hesabu hiyo mpaka nilipouharibu mlango wa kwanza.

Niliuharibu kwa sababu nilivua karatasi yote ya nyuma kwa mara moja. Gundi ikajishika yenyewe kwa yenyewe, nikaivuta kuitenganisha, ikatanuka, na karatasi iliyotanuka hairudi. Ikanibidi ninunue mviringo wa tatu, na huo ukaja na kijani kilichokolea kidogo kuliko miwili ya mwanzo, ingawa namba ya rangi kwenye lebo ilikuwa ileile. Nilipotazama vizuri nikaona kwamba namba ya toleo la kiwandani, iliyochapwa kwa herufi ndogo ukingoni, ndiyo iliyotofautiana. Muuzaji hakulitaja jambo hilo, nami sikujua la kuuliza. Anayepanga kununua na anunue miviringo yote siku moja, alinganishe namba hiyo, na aongeze akiba ya angalau mlango mmoja.

Kuhusu ubandikaji wenyewe, maelezo yaliyokuja na bidhaa yalikuwa na mistari michache, na mstari mmoja tu ulihusu usafishaji: ulisema uso uwe safi na mkavu. Hapo ndipo bidhaa hii huwaangusha watu wengi, kwa kuwa mlango wa jikoni unaoonekana safi kwa macho huwa na utando mwembamba wa mafuta yaliyopanda na mvuke, na gundi ya karatasi hushika utando huo badala ya kushika mlango. Niliifungua milango kutoka kwenye bawaba zake na kuiandika namba nyuma kwa penseli. Kisha niliiosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, nikaifuta kwa kitambaa chenye maji matupu, na baada ya kukauka nikaipitishia spiriti. Kwa milango miwili nilifanya uvivu nikaishia kwenye sabuni. Miezi mitatu baadaye ilikuwa milango hiyohiyo miwili iliyoanza kuachia pembeni, na mingine yote haikuwa na dalili.

Baada ya kosa la kwanza nilijifunza kuvua sentimita kumi tu za karatasi ya nyuma, kuishikiza sehemu ya juu ikae sawa na ukingo, kisha kuteremka taratibu, mkono mmoja ukivuta karatasi ya nyuma na mwingine ukisukuma hewa kwa kipande cha plastiki kilichozungushiwa kitambaa laini, kuanzia katikati kwenda pembeni. Povu dogo la hewa linalobaki hutobolewa kwa sindano nyembamba na kubonyezwa kwa kidole. Kwenye kona nilitumia mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu vinaili ikipata joto hulainika na kukubali kukunjwa, na ikipoa hubaki katika umbo hilo. Kona zilizokunjwa bila joto zina tabia ya kujinyoosha zenyewe usiku, asubuhi unazikuta zimesimama. Kisu nilibadilisha ncha yake kila baada ya milango mitatu hivi, kwani ncha butu haikati vinaili, huirarua. Kazi nzima ilinichukua siku mbili na nusu, peke yangu.

Nilipoirudisha milango mahali pake, jiko lilikuwa na rangi, lakini halikuwa na nuru. Nilikaa nalitazama jioni ile chini ya taa ya dari na kijani changu kikaonekana kama kijivu kingine. Hapo nikatambua kosa langu la mpangilio. Taa moja iliyo katikati ya dari humwangazia mpishi mgongoni, na mwili wake hutupa kivuli palepale anapokatia, kwa hiyo hata jiko lililojaa rangi nyangavu hubaki na kaunta yenye giza. Kama ningeanza na taa, ningechagua rangi ya karatasi nikiiona katika mwanga ambao ingeishi nao.

Utepe wa LED niliununua wa urefu wa mita 2, wa volti 12, unaotumia wati 9.6 kwa mita. Hiyo ni jumla ya wati 19.2, na nilichukua adapta ya wati 24 ili isifanye kazi ikiwa imeelemewa, kwani adapta inayobebeshwa mzigo wake wote kwa saa nyingi huchemka na kufa mapema. Utepe wenyewe hukatwa kwa mkasi, lakini pale tu palipochorwa alama. Ukikata kwingine, kile kipande chenye taa chache kati ya alama mbili hakitawaka tena. Adapta niliiweka juu ya kabati, mbali na sinki na mbali na mvuke, na inaingia kwenye soketi ya kawaida, hivyo sikuhitaji kugusa nyaya za ukutani.

Utepe wa kwanza ulikuwa wa kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), yaani mweupe unaoelekea ubluu, na ninausema hapa kama onyo. Niliuchagua kwa kuwa nilidhani mweupe zaidi ndio mng'ao zaidi. Kaunta iliangaza kweli, lakini nyama ilionekana kama imelala siku mbili na mboga zikaonekana za plastiki. Niliubadilisha kwa wa kelvini 4000, ambao si wa manjano kama balbu za zamani za waya, zilizokuwa karibu na kelvini 2700, wala si wa baridi kama ule wa kwanza. Nilihakikisha pia kwamba kipimo cha uaminifu wa rangi, ambacho baadhi ya pakiti hukiandika kama Ra au CRI, ni 90, kwa kuwa mwanga wa kipimo cha chini hupotosha rangi za vitu hata ukiwa mwingi. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko ile iliyoletwa na karatasi yote ya vinaili. Kijani kikafufuka.

Mahali pa kuubandika utepe panahitaji kufikiriwa. Ukiuweka nyuma, karibu na ukuta, unapendezesha vigae na kuiacha mikono gizani. Ukiuweka karibu na ukingo wa mbele, mwanga huanguka pale unapofanyia kazi. Mimi niliuweka mbele. Kaunta yangu inang'aa kidogo, kwa hiyo kila taa ndogo ilijiona humo kama kitone, mstari mzima wa vitone, mpaka nilipoupachika utepe ndani ya mfereji wa alumini wenye kifuniko cha rangi ya maziwa, ambacho huuchanganya mwanga ukawa mstari mmoja laini. Alumini hiyo pia hupunguza joto la utepe. Gundi ya nyuma ya utepe haikufaa hata mwezi. Mfereji unashikiliwa na skrubu ndogo.

Lipo eneo moja ambalo karatasi ya kubandika imenishinda, nalo ni mlango ulio jirani na jiko la kupikia. Katika mwezi wa nne ukingo wake ulianza kujikunja na kunywea, ukaacha mstari wa kijivu kama nusu sentimita. Nilibandika upya, ukanywea tena. Joto linalotoka ubavuni mwa jiko ndilo linaloulainisha, na hakuna namna ya kubandika itakayolibadilisha hilo. Nikaung'oa, nikaupaka mlango huo mmoja rangi ya mafuta kwa njia ile ndefu ya msasa na praima, ya kijani kinachokaribiana, na umetulia. Ukutani nyuma ya jiko sikubandika chochote tangu mwanzo, ingawa stika za vigae huuzwa kwa picha zinazozionyesha mahali hapohapo. Plastiki karibu na moto si mapambo. Niliviosha vigae vya zamani na kuipitishia rangi nyeupe mistari iliyo katikati yake, na ukuta huo ukaonekana mpya kwa kazi ya alasiri moja.

Mlango huo ulinipa nafasi ya kujaribu jambo ambalo wapangaji wengi wangependa kujua: je, karatasi hutoka bila kuacha madhara? Kwenye melamini ilitoka vizuri. Niliipasha joto kwa mashine ya nywele, nikaivuta polepole ikiwa imelala karibu na uso wa mlango badala ya kuivuta kwenda juu, na mabaki ya gundi yakaondoka kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, kisha sabuni. Lakini nilipong'oa kipande nilichokuwa nimekibandika kwenye rafu ya mbao iliyopakwa rangi, rangi ilitoka pamoja nacho. Maneno "huondolewa bila kuacha alama" yaliyo kwenye pakiti yanafaa kwa nyuso ngumu na laini tu, na ingekuwa uungwana kuyasema hivyo.

Vishikio nilivibadilisha vyote, na sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa kwamba nilipima kwanza umbali kati ya katikati ya tundu moja na katikati ya lingine, nikapata milimita 96, nikanunua vya milimita 96, na sikulazimika kutoboa mlango wowote.

Kilicholifanya jiko lionekane langu hakikutoka dukani. Masalio ya ule mviringo wa tatu niliyatumia kufunika migongo ya rafu mbili zisizo na milango, na vikombe vyangu, ambavyo havikuwahi kufanana, nikavitundika mbele ya kijani hicho kwenye kulabu chini ya rafu, pale ambapo mwanga wa utepe unavifikia. Zamani nilivificha kabatini kwa sababu havikuwa seti.

Karatasi ningeinunua tena kwa milango iliyo mbali na joto, na utepe ningeununua kabla yake. Mlango niliouharibu siku ya kwanza, uliovikwa kile kijani kilichokolea, niliuhamishia pembeni kabisa, kwenye kabati la chini lenye vifaa vya usafi, ambako mwanga ni hafifu. Wageni hawajawahi kuuona, nami huuona kila asubuhi.